Mkataba wa Mahari Niliomwandikia Baba Mkwe

Nimekosa. Natanguliza neno hilo mapema, kwa sababu nikijiachia nitaanza na utangulizi, na huo utangulizi ndio ulionifikisha hapa nilipo.

Bwana Mhariri, jina langu usiliweke. Wanaonifahamu hapa Voi watanitambua tu, na wasionifahamu hawatapata faida yoyote wakilijua. Sema ni karani mmoja wa karibu na stesheni.

Sikuiba. Sikulewa nikampiga mtu. Nilimwandikia baba mkwe wangu mkataba mrefu. Najua ukisoma hivyo utacheka, na mimi pia ningecheka kama mkataba ungekuwa wa mtu mwingine.

Kazi nilianzia Mombasa, kwa wakili mmoja aliyekuwa na ofisi juu ya duka la vitambaa. Mimi nilikuwa mpiga taipu wake. Wakili yule hakupenda kuona neno limekaa peke yake. Mtu akiuza nyumba, kwake mtu huyo ameuza, amehamisha, amekabidhi, ameachilia na ametoa. Nyumba nayo haikuwa nyumba tu. Ilikuwa nyumba, jengo na makazi, pamoja na kuta zake, paa lake, milango yake, njia ya kuingilia na njia ya kutokea.

Siku moja nilijipa moyo nikamuuliza kwa nini mtu asiseme ameuza nyumba, yakaisha. Alinitazama kana kwamba nimemwomba avue suruali. Akaniambia kwamba neno moja likianguka, lingine linabaki limesimama. Niliona hiyo ni elimu kubwa sana, nikaimeza yote bila kutafuna.

Niliporudi Voi nilikuwa na taipureta kuukuu na furushi la nakala za mikataba ya kila namna. Nikapata nafasi kwenye baraza ya duka la Mzee Athumani, mtu wa asili ya pwani, muuza mchele na mafuta ya taa. Hapo nikawa nawaandikia watu makubaliano yao. Walikuja wa mashamba ya mkonge, walikuja wa reli, walikuja wenye mifugo.

Na nikwambie ukweli, watu walipenda. Mara moja nilimwandikia mtu karatasi moja tu. Akaigeuza nyuma, akaona peupe, akaniuliza kama imeishia hapo. Nilimwona amevunjika moyo kabisa. Tangu siku hiyo sikumwondosha mteja wangu na karatasi nyepesi.

Kuna mwingine nilimwandikia mkataba wa kukodisha baiskeli. Nilieleza gurudumu ni nini, kengele ni nini, na kukaa juu ya baiskeli maana yake nini kisheria. Baada ya muda mfupi alirudi akisema baiskeli imeibwa. Tuliusoma mkataba wote, yeye na mimi, mwanzo hadi mwisho. Wizi haukutajwa. Tetemeko la ardhi lilitajwa mara mbili.

Hapo ningezinduka. Sikuzinduka. Nilimwambia mkataba unaofuata tutaongeza wizi.

Basi, nikampenda Wakesho. Nyumbani kwao ni Ndara, huko mlimani, na baba yake alikuwa mfugaji wa mbuzi na ng'ombe, mzee mrefu, mkimya, anayeinamisha kichwa upande mmoja akikusikiliza. Wakesho alikuwa akikaa kwa shangazi yake hapa Voi na tulionana kanisani. Sitasimulia zaidi. Yeye alikubali, wazee wakakubali, likabaki suala la mahari.

Kwetu Wadawida, yaani Wataita, mahari haiishi. Asiyejua mambo yetu atadhani ni uchoyo wa wakwe. Marehemu baba yangu alikuwa bado anampelekea mkwewe asali wakati mimi nasoma shule. Baba mkwe akikuambia kuna mbuzi mmoja amebaki, si mbuzi anayemtaka. Anataka upande mlima kwake, ukae, ule, muulizane habari za mvua. Ukimpelekea mbuzi huyo, atakuambia kuna blanketi. Ukipeleka blanketi, anakumbuka jembe. Siku ukimaliza yote, mtakuwa mmemalizana, na watu waliomalizana hawana cha kutembeleana.

Hayo nayajua sasa. Wakati ule mimi msomi niliyatazama nikaona ni mapatano yasiyo na mpaka. Nilisema mimi sitaishi hivyo. Nitatoa kila kitu kwa mara moja, kisha tutaandikiana.

Baba yangu mdogo, ndiye aliyekuwa mshenga wangu, alinisihi niache. Aliniambia kwa upole kwamba msichana si kiwanja. Nilimjibu kwamba dunia imebadilika. Akaenda kutafuta mitamba.

Nikakaa kwenye baraza nikaandika. Jamani, niliandika! Nilichotaka kusema ni kwamba mahari imetimia na hakuna deni. Mstari mmoja ungetosha na nafasi ingebaki. Lakini niliona aibu kumpelekea baba yake Wakesho mstari mmoja. Nilitaka ajue binti yake anaolewa na mtu wa maana.

Nikachukua nakala ya mauzo ya kiwanja na nakala ya mauzo ya lori, nikazichanganya, nikatafsiri. Zikatoka kurasa saba. Wakesho akawa "binti aliyetajwa, ambaye amekabidhiwa kabisa, kikamilifu na moja kwa moja, pamoja na vyote vilivyoambatana naye na vitakavyotokana naye". Baba yake akawa Upande wa Kwanza. Na Upande wa Kwanza niliuandikia hivi, nanukuu maneno yangu mwenyewe:

"Yeye mwenyewe, warithi wake, wasimamizi wake na yeyote atakayesimama kwa niaba yake, hana na hatakuwa na dai lolote, linalojulikana wala lisilojulikana, hatadai, hataomba, hataulizia, hatapokea wala hatakubali kupokea kitu chochote, kikubwa au kidogo, kutoka kwa Upande wa Pili au kwa binti aliyetajwa, hataingia, hatakanyaga wala hatakaa katika makazi yao, wala hataita, hataagiza wala hatatuma mjumbe kwao, kwa sababu yoyote, inayohusu au isiyohusu mkataba huu, leo na siku zote."

Habari ya kukanyaga niliitoa kwenye mkataba wa shamba la minazi, ambako muuzaji alikuwa akirudi kuangua nazi zake. Habari ya mjumbe ilikuwa ya lori, maana mnunuzi wa lori alichoka kutumiwa na muuzaji watu wa kuulizia jeki. Mimi nilizipenda kwa sababu zilijaza ukurasa vizuri.

Mzee Athumani alikuwa na desturi ya kusoma ninachoandika wakati akingoja wateja. Alisoma, akavua miwani.

"Mwanangu, huyu mkweo wamwambia asikanyage kwako?"

Nilimweleza kwamba hiyo ni lugha ya sheria, hakuna mtu anayeitilia maanani. Akavaa miwani yake akarudi kwenye mchele.

Siku ya kukabidhi mahari tulipanda Ndara na wanyama, na pombe ya miwa, na wazee wa pande zote mbili. Wanawake walikuwa ndani na Wakesho. Sisi tulikaa nje uani, nikasimama na karatasi zangu. Nilisoma kila kipengele kwa Kiswahili, kisha nikakitafsiri kwa Kidawida ili baadaye mtu asiseme hakuelewa. Pombe ilipoteza povu. Wazee wawili walilala, mmoja wao akakoroma. Mbuzi wa mahari walianza kula paa la banda.

Baba yake Wakesho hakulala. Aliinamisha kichwa upande, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha aliniuliza swali moja.

"Haya yote umeyataka wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, Baba."

"Yote?"

"Yote, Baba."

Akanyoosha kidole gumba nikakipaka wino. Nilifurahi sana kwamba hakubishana. Nilimsifu njiani kwamba ni mzee mwelewa.

Tulioana, tukakaa hapa Voi. Siku ya kwanza kuona kazi ya mikono yangu ilikuwa siku ya mnada wa mbuzi. Mtu alimwambia Wakesho kwamba baba yake yuko sokoni. Mke wangu akajitanda leso, akachukua sukari, akakimbia. Alirudi na sukari ile ile mkononi. Alisema baba amemsalimu vizuri, ameuliza habari zangu, lakini sukari ameikataa na nyumbani amesema hafiki. Nilimwambia labda mzee amechoka na safari.

Mara nyingine nikamwona mwenyewe. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba yetu, ameegemea fimbo, na mbuzi wake wawili hajawauza.

Nilitoka nikamwita. "Karibu, Baba! Karibu ndani!"

"Nimekaribia, mwanangu," akasema, na hakusogea.

Tulisalimiana hivyo hivyo, yeye kule na mimi huku. Alitaka kujua kama nina afya, nikamjibu kwa sauti. Nami nikauliza habari za mvua ya Ndara, akajibu kwa sauti. Watu walipita katikati yetu na baiskeli. Kuna mama mmoja alisimama akatutazama mmoja mmoja, akaendelea na safari yake. Tulipomaliza, mzee aliniaga kwa heshima, akaswaga mbuzi wake akaondoka.

Nilirudi ndani nikamwambia Wakesho kwamba baba yake ana vituko. Naona haya kuandika kwamba nilisema hivyo. Wakesho alikuwa dirishani, ameona yote, na macho yake yalikuwa mekundu.

Majirani walianza kusema nimemkosea mkwe. Mzee wa kanisa alikuja kuuliza kama kuna ugomvi, nami nilimwapia kwamba hakuna. Kwa kweli hakukuwa na ugomvi. Kila mtu alikuwa akifuata maandishi.

Mtoto wa kwanza tulimpa jina la kwetu, kama ilivyo. Wa pili jina ni la upande wa mama, naye alikuwa wa kiume, kwa hiyo jina lilikuwa la baba yake Wakesho. Tulimpelekea habari kwa furaha. Jibu lilikuja kwa mdomo wa mtu tuliyemtuma. Mzee anashukuru sana, lakini karatasi inasema vitakavyotokana na binti si vyake, basi jina tumtafutie mtu mwenye haki nalo.

Wakesho alilia siku nzima. Mtoto tukambatiza jina la kikristo tu, na mpaka leo hana jina la pili.

Kisha mtoto huyo akashikwa na kifua. Hospitali walimpa dawa, akapata nafuu, akarudi kukohoa. Mama mkwe, aliyesikia habari kwa wapita njia, alimwambia Wakesho siku waliyokutana sokoni kwamba sharti baba yake atase.

Kutasa, kwa asiyejua, ni hivi. Mzee akiwa na kinyongo na mtoto wake, hata kama hajakisema, kinyongo hicho kinaweza kumfikia mjukuu. Basi anatia kinywani maji au pombe ya miwa, anaipuliza nje, na anatamka mema mpaka moyo unakuwa mweupe. Mimi ni mtu wa kanisa. Lakini mtoto wako akikohoa vile, hutaanza kubishana na mama mkwe.

Tukapanda Ndara. Mkataba ulimkataza yeye kuja kwetu, haukutukataza sisi kwenda kwake, na mzee alikuwa amelitambua hilo kuliko mimi niliyeandika. Alitupokea vizuri mno. Alitupa uji, akampakata mtoto, akamtazama masikio, akamtazama vidole. Wakesho akapiga magoti akamwomba atase.

"Kutasa ni kutoa hasira, mwanangu," alisema. "Mimi sina hasira."

"Baba, unayo."

"Siruhusiwi. Mumeo aliandika sina dai lolote, linalojulikana wala lisilojulikana. Hasira ni dai."

Alisema bila kupandisha sauti, bila kunitazama kwa ubaya. Nilimtafuta usoni kama ananicheza shere, sikuona. Hakumwachilia mtoto mpaka tulipoinuka kuondoka. Alimfunika kwa shuka lake mwenyewe, na alipomrudisha kwa mama yake mikono yake ilichelewa kidogo.

Hapo, ndugu zangu. Hapo hapo kwenye ule uga ndipo nilipotakiwa kusema. Mzee yuko mbele yangu, mke wangu yuko magotini, na mdomo ninao. Nilisema asante kwa uji.

Tukiteremka Wakesho aliniuliza kwenye ile karatasi kuna nini hasa. Nilimwambia ni mambo ya kisheria. Akasema nimsomee. Tulipofika nyumbani nilitoa nakala yangu nikamsomea, na kabla sijamaliza ukurasa wa pili aliniomba ninyamaze.

"Kaifute," alisema.

Nilimwahidi nitaifuta. Na hapa ndipo nilipokosa mara ya pili, na hili la pili ndilo linaloniuma zaidi. Mtu mwenye akili angerudi kesho yake, akamwambia mzee kwamba ile karatasi ilikuwa upuuzi. Mimi niliwaza kwamba jambo lililofungwa kwa kurasa saba halifunguki kwa mdomo. Lazima kuwe na Mkataba wa Kutangua Mkataba.

Nikaketi kwenye baraza nikaanza. Kwanza nilieleza mkataba wa mwanzo ni upi. Kisha nikaeleza mkwe ni nani. Kisha nikaanza kumrudishia mzee haki zake moja moja, haki ya kufika, ya kuingia, ya kukaa, ya kula, ya kupokea sukari. Nilipofika kwenye haki ya kukasirika nikakwama. Nilikuwa nimeandika "kukasirika kwa kiasi", kisha nikajiuliza ni kiasi gani, nani atakipima. Nilifuta nikaandika tena. Hilo peke yake lilinichukua siku nyingi.

Kila nikirudi nyumbani Wakesho aliniuliza kama imekwisha. Nilimjibu bado kidogo. Mtoto alikuwa amepona kwa dawa za hospitali, nikaona hakuna haraka. Baadaye aliacha kuniuliza.

Siku moja alikwenda sokoni kununua mboga. Mama mmoja wa Ndara, muuza ndizi, alimshika mkono akamwambia pole kwa msiba. Wakesho alimshukuru kama ilivyo adabu. Kisha akamuuliza, msiba wa nani?

Baba yake alikuwa ameshazikwa.

Aliugua tumbo, akalala siku chache, akafa, wakamzika kando ya nyumba yake, na sisi tuko hapa Voi, mwendo ambao mtu mzima anautembea na kurudi siku hiyo hiyo. Hakuna aliyekuja kutuita. Wakesho alikuja barazani kwangu bila mboga na bila kikapu, akaniambia kwa maneno matatu: "Baba amekufa. Amezikwa." Mzee Athumani alifunga duka mchana kweupe akatusindikiza mpaka mwisho wa mji.

Tulipofika Ndara, Wakesho alimwendea kaka yake, Mwadime, akamshika shati. Alitaka kujua kwa nini hawakumwita. Mimi nilisimama nyuma nikiwa tayari kumkasirikia Mwadime, wallahi, nilikuwa tayari kabisa.

Mwadime alikuwa amechoka. Alisema baba alimtaja Wakesho kila siku. Walitaka kumtuma mtu, yeye mwenyewe alikwisha vaa viatu, mzee akamzuia. Alisema yeye alitia kidole kwamba hataita wala hatatuma mjumbe, na warithi wake pia. Walimwambia karatasi ni karatasi tu, avunje.

"Akatuambia mtu aliyesoma haandiki neno asilolitaka," Mwadime alisema. "Na kwamba alikuuliza, ukamwambia umeyataka yote."

Kumbe mzee hakuwa na vituko. Alikuwa ananiheshimu! Miaka yote ile aliyosimama ng'ambo ya barabara na fimbo yake, alikuwa anaheshimu neno la mkwe wake msomi.

Wakesho alikuwa amenipa mgongo. Kisha aligeuka.

"Pale ulipoandika asitume mjumbe, ulikuwa unataka nini?"

"Sikutaka kitu," nikasema. "Yalikuwa maneno tu."

"Basi kwa nini uliyaandika?"

  Ningeweza kumwambia habari ya lori na jeki, lakini kuna mambo mtu hawezi kumwambia mwanamke aliyekosa kumzika baba yake.

Jioni ile mama mkwe alinichukua mpaka kaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi. Alikuwa na pombe ya miwa kwenye kibuyu, akamwaga kidogo, akamwambia marehemu kwamba mkwe wake amefika na ana neno. Akasogea pembeni akanipisha, akakunja mikono kama mtu anayejiandaa kwa shughuli ndefu. Alikuwa ndani siku ile ya mahari akingoja nimalize kusoma, ananijua.

Nikafungua mdomo. Utangulizi haukuja. Sikumbuki kama nililia kwanza au nilisema kwanza.

"Baba, nisamehe."

Mama mkwe alingoja. Upepo ulipita, akangoja tena.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Alitazama kaburi, akaokota kibuyu chake.

"Hayo angeyaitikia," alisema, akarudi nyumbani.

Wakesho yuko Ndara na watoto, anamtunza mama yake. Hajasema ameniacha. Nikipanda wananipa uji, watoto wananikimbilia, na yeye ananijibu kila ninachomuuliza na hapiti hapo. Nikimuuliza kama mvua imenyesha anasema imenyesha. Zamani alikuwa msemaji sana, mke wangu, alinichosha kwa hadithi za shangazi yake, na mimi nilikuwa namwambia afupishe.

Taipureta nimemuuzia karani wa shamba la mkonge. Watu bado wanakuja barazani wakitaka mikataba mirefu. Nawaandikia kwa kalamu, kila mmoja namuuliza anataka kusema nini, akisema naandika hivyo na nasimama. Wengine wanageuza karatasi nyuma, wanaona peupe, wanaondoka kwa hasira kumtafuta mwingine. Wacha waende.

Wewe unayesoma, hasa wewe kijana uliyesoma kidogo ukarudi nyumbani. Usiandike neno kwa sababu linajaza ukurasa. Unadhani maneno yako hakuna anayeyatilia maanani, na huko kwenu kuna mtu mmoja anayaamini yote, moja moja, kwa sababu ni yako.

Na kama umeshaandika, na mkeo amekwambia kaifute, usiketi chini. Vaa viatu uende.